Shajara ya Maandalizi ya Hija: Kutoka Rajabu hadi Mfunguo Pili

Rajabu: kupanga kazi

Nimefungua shajara hii ili kufuatilia maandalizi ya safari ya Hija ya watu watatu: mama yangu, mume wangu na mimi. Majina yetu yamekwisha kuingizwa katika kundi la wakala aliyeidhinishwa, na pasipoti zetu zitabaki hai kwa zaidi ya miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi. Yaliyobaki mikononi mwetu ni manne, nayo ni afya, elimu ya manasiki (taratibu za ibada ya Hija), haki za watu na mizigo. Nimeyapanga hivyo kwa makusudi, kwa sababu mizigo haiwezi kupangwa vizuri kabla ya kujua mwili utastahimili nini na ibada inataka nini.

Katika nyumba yetu paliwahi kuulizwa kama kushughulika sana na vifaa hakupunguzi kutawakali, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Jibu nimelipata katika Suratul Baqara, aya ya 197, inayoamrisha kuchukua masurufu na papo hapo kueleza kwamba masurufu yaliyo bora ni uchamungu. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila masurufu, wakijiita wenye kutawakali, kisha wakifika Makka wakawa wanaombaomba, na hapo ndipo aya hiyo ilipoteremka. Kwa hiyo nalihesabu daftari hili kuwa sehemu ya kutii amri, na ninataka lifanywe kwa uangalifu unaostahili ibada.

Njia niliyoichagua ni kuanzia kwenye siku za Hija zenyewe na kurudi nyuma. Tarehe 8 Mfunguo Tatu (Dhul Hija), Siku ya Tarwiya, mahujaji huelekea Mina. Tarehe 9 husimama Arafa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Makka, na jua likishatua huteremka Muzdalifa, ambako huswali Magharibi na Isha kwa kuzikusanya na kulala hapo. Tarehe 10 hutupa vijiwe 7 katika nguzo ya Jamratul Aqaba, huchinja, hunyoa au kupunguza nywele na kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, tawafu ya ifadha. Tarehe 11 na 12 hukaa Mina wakitupa vijiwe 21 kila siku, na anayebaki hadi tarehe 13 hutupa 21 vingine. Jumla ni vijiwe 49 kwa mwenye kuharakisha na 70 kwa mwenye kukawia. Kila kitu tutakachobeba lazima kiwe na siku yake katika mpangilio huu, na kisichokuwa na siku kitabaki nyumbani.

Kati ya siku hizo zote, usiku wa Muzdalifa ndio nilioufanya mizani ya mzigo. Mina pana mahema na Makka pana vyumba, lakini Muzdalifa watu hulala juu ya ardhi chini ya anga, wakiwa wamechoka kutoka Arafa, na begi alilobeba mtu ndilo nyumba yake hadi alfajiri. Hilo ndilo begi tutakaloanza nalo, na sanduku kubwa litafuata baadaye.

Mwisho wa Rajabu: kibali

Jambo hili ni fupi lakini sikubali lipite bila kuandikwa. Baada ya Hija ya 2024, ambapo joto katika Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8, serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo vya watu 1,301, na ikaeleza kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali cha kuhiji na walitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia. Kibali basi kinaambatana na hema, basi na huduma ya matibabu, na anayeshawishiwa kwenda kwa viza ya matembezi anaambiwa ayaache yote hayo. Mume wangu amehakiki kwamba viza zetu ni za Hija. Nakala za pasipoti, viza na vyeti vya chanjo zimechapishwa kwa kila mmoja wetu, na nakala nyingine zimehifadhiwa katika simu zote tatu. Kadi ya Nusuk, kitambulisho rasmi cha hujaji, tutapewa na wakala, nayo itavaliwa shingoni muda wote tuwapo katika maeneo matakatifu.

Shaabani: afya

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile inayokinga aina nne za vimelea yaani A, C, W na Y, ni sharti kwa kila hujaji, na hutakiwa itolewe angalau siku 10 kabla ya kufika. Tumeichoma mapema zaidi ya hapo ili, kama mmoja wetu angepata homa kutokana nayo, apone kabla ya pirika za mwisho. Chanjo ya mafua pia tumeipata, kwa kuwa kikohozi huenea upesi katika mahema. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano hutakiwa cheti chake, na cheti hicho sasa hudumu maisha yote ya mtu.

Mama ana kisukari na shinikizo la damu, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Daktari wake amepitia mpango wa kila siku pamoja nasi, siku kwa siku, na akaandika barua yenye majina halisi ya dawa badala ya majina ya kibiashara, vipimo vyake na sababu ya kuzitumia. Dawa zitabaki katika vifungashio vyake vya asili. Tumezigawa mafungu mawili yaliyo kamili: moja litakuwa katika begi langu la mkononi na jingine katika begi la mume wangu, ili begi moja likipotea asikose dozi hata moja. Insulini hupoteza nguvu katika joto kali na pia haifai kugandishwa, kwa hiyo ina mfuko wake wa kuhifadhi baridi, na kamwe haitawekwa katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Mwenye dawa kali za maumivu au za usingizi ahakikishe kwanza kama zinaruhusiwa kuingia Saudi Arabia, maana baadhi yake zinadhibitiwa kwa sheria.

Miguu ya mwenye kisukari inahitaji ulinzi wa peke yake. Ganzi inaweza kumfanya asisikie kidonda kinapoanza, na tawafu na sai si matembezi ya hatua chache, kwani mizunguko 7 baina ya Safa na Marwa peke yake ni takriban kilomita 3. Mwanamke aliyehirimia, yaani aliyeingia katika ihramu, hali ya ibada yenye makatazo yake, hakatazwi soksi wala viatu vya kufunika, kwa hiyo Mama atatufu kwa soksi nene za pamba, na kila usiku nitamkagua nyayo kwa tochi. Tumeanza mazoezi ya kutembea jioni, kwa mwendo wake, tukiongeza masafa kidogo kidogo. Tumekubaliana tangu sasa kwamba kiti cha magurudumu kitatumika siku yoyote atakayochoka, na kwamba hatangoja azidiwe ndipo aseme. Mama alinijibu, "Mwanangu, Mwenyezi Mungu hakuitwisha nafsi ila iwezalo," na jambo hilo likaisha bila ya ubishi.

Ramadhani: elimu ya manasiki

Mwezi huu mazoezi yamehamia baada ya tarawehe, na nafasi ya mchana tumeitumia kusoma. Tumechagua kuhiji kwa tamattui, yaani kuhirimia kwa Umra kwanza, kutoka katika ihramu, kisha kuhirimia upya kwa Hija tukiwa Makka tarehe 8. Uamuzi huo una matokeo ya moja kwa moja katika mizigo. Mume wangu atavaa ihramu mara mbili, kwa hiyo atahitaji jozi mbili za shuka ili moja iwe inafuliwa. Sisi sote tutawajibika kutoa hadyi, yaani mnyama wa kuchinjwa, na asiyeweza hufunga siku 10, tatu katika Hija na saba akirudi kwao. Hadyi tutaitoa kupitia mradi rasmi wa Adahi, na hivyo hatuna haja ya kubeba fedha nyingi taslimu kwa ajili hiyo.

Suala la mikati, yaani mahali pa kuhirimia, lilihitaji utulivu. Kundi letu linatarajiwa kuanzia Madina, na katika hali hiyo mikati yetu ni Dhul Hulaifa, panapojulikana pia kama Abyar Ali, ambayo ndiyo mikati iliyo mbali zaidi na Makka kuliko zote tano. Hata hivyo ratiba za ndege hubadilika. Ikitokea tupelekwe Jeddah moja kwa moja, tutaipita mikati tukiwa angani, na mwanamume atakayekuwa ameacha shuka zake katika sanduku kubwa hatakuwa na namna ya kuzivaa. Kwa sababu hiyo ihramu ya mume wangu itakaa katika begi la mkononi kwa vyovyote vile, na sisi wanawake tutasafiri tukiwa tayari katika nguo tutakazohirimia.

Nimemsomea Mama hadithi ya Dhubaa binti Zubair, aliyemweleza Mtume (S.A.W.) kwamba anataka kuhiji ilhali ni mgonjwa, naye akamwelekeza ahirimie kwa sharti, yaani aseme kwamba mahali pake pa kutoka katika ihramu ni pale atakapozuiliwa. Mama ameihifadhi kauli hiyo pamoja na talbiya, itikio la mahujaji. Vilevile tumejifunza kwamba wanyonge wanaruhusiwa kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya msongamano, kama Mtume alivyomruhusu mkewe Bibi Sauda, na kwamba asiyeweza kutupa vijiwe huwakilishwa na mwenzake ambaye huanza kwa vijiwe vyake mwenyewe. Mume wangu ni mahram wa Mama kwa ndoa yetu, yaani hawezi kumwoa kamwe, kwa hiyo anaweza kumshika mkono na kumsaidia bila tabu wakati wowote.

Kwa upande wangu nimejifunza pia hukumu za hedhi, kwani mwanamke asiyezijua anaweza kudhani Hija yake imeharibika. Bibi Aisha alipatwa na hedhi akiwa Sarif, njiani kuelekea Makka, na Mtume akamwambia afanye yote anayofanya hujaji isipokuwa kutufu Nyumba. Asmaa binti Umais alijifungua Dhul Hulaifa kwenyewe, akaamrishwa aoge na ahirimie. Tawafu ya ifadha husubiri hadi mwanamke atwaharike, na tawafu ya kuaga humwondokea mwenye hedhi. Nimezungumza na daktari kuhusu vidonge vya kuahirisha hedhi, na pedi za kutosha zimewekwa katika begi la Mina badala ya lile litakalobaki hotelini.

Mfunguo Mosi: begi la siku za Mina

Mfungo umekwisha na miezi ya Hija imeingia. Sasa kazi ya vifaa imeanza kwa dhati.

Nimeanza na makatazo ya ihramu, kwa kuwa ndiyo yanayokosesha watu bila wao kukusudia. Manukato yamekatazwa, na manukato hayamo katika chupa za marashi tu. Nimesoma maandishi ya sabuni, shampuu, mafuta ya ngozi, kitakasa mikono, vitambaa vyenye unyevu na mafuta ya kukinga jua, na kila chenye harufu iliyoongezwa kimetolewa. Tumebakiwa na sabuni moja isiyo na harufu, mafuta mazito yasiyo na harufu kwa ajili ya michubuko ya mapaja, ambayo huwasumbua wanaume wavaao shuka zisizoshonwa, na mafuta ya kukinga jua ya aina hiyo hiyo. Vitu hivi vimefungwa katika mfuko wenye rangi tofauti ili mtu aliyechoka asichanganye. Kucha na nywele hazikatwi katika ihramu, kwa hiyo mkasi mdogo na wembe mpya vitakaa katika sanduku kubwa la ndege, kisha vitahamishiwa katika begi la Mina kwa ajili ya tarehe 10. Kuhusu wembe sina mzaha hata kidogo: kila mtu na wake, kwa sababu homa ya ini huambukizwa kwa wembe wa kushirikiana. Sisi wanawake tutapunguza nywele kiasi cha ncha ya kidole, na mkasi mmoja unatutosha.

Vifaa vya mume wangu ni shuka jozi mbili za pamba nzito kidogo, mkanda wenye mfuko wa fedha na hati, na ndara zinazoacha vifundo vya miguu wazi. Vyetu ni baibui mbili nyepesi kila mmoja, mitandio isiyoteleza, soksi, na viatu vilivyokwisha kuvaliwa katika mazoezi. Niqabu na glavu havivaliwi katika ihramu, na Mama, aliyezoea niqabu, ameshatayarisha moyo wake kwa hilo.

Mwanamume hafuniki kichwa katika ihramu, ilhali jua la Mina na Arafa ni kali. Hapa mwavuli ni kifaa cha lazima kwetu. Umm Husain anasimulia katika Sahih Muslim kwamba katika Hija ya kuaga aliwaona Usama na Bilali, mmoja ameshika hatamu ya ngamia wa Mtume na mwingine ameinua nguo kumkinga na joto, mpaka akamaliza kutupa Jamratul Aqaba. Kivuli kisichogusa kichwa kina mfano katika Hija ya Mtume mwenyewe, na ninashangaa kuona miavuli ikihesabiwa kuwa anasa. Tumechukua mitatu, myeupe na mikubwa kiasi. Pamoja nayo kuna chupa za maji, chupa ya kunyunyizia uso, na pakiti za chumvi na sukari za kuongezea maji mwilini. Za Mama zina utaratibu wake kwa sababu ya sukari na shinikizo la damu, na daktari ameuandika.

Jiko, birika na mtungi wa gesi havimo katika orodha yetu, wala havipaswi kuwa katika orodha ya mtu yeyote. Moto uliozuka Mina tarehe 15 Aprili 1997 uliteketeza mahema kwa maelfu na kuua zaidi ya watu 340, na baada yake yakajengwa mahema yasiyoshika moto kirahisi, na mitungi ya gesi ikapigwa marufuku.

Vijiwe havibebwi kutoka nyumbani, lakini kifuko chake cha kitambaa kinabebwa. Ibn Abbas alimwokotea Mtume vijiwe vidogo vya kurushwa kwa vidole, naye akaviweka mkononi na kuagiza vya mfano huo, akionya dhidi ya kupita mipaka katika dini. Kifuko kidogo kitatukumbusha ukubwa unaotakiwa.

Mwisho wa Mfunguo Mosi: jaribio la Muzdalifa

Tumefanya jaribio ambalo ningemhimiza kila anayejiandaa alifanye. Baada ya Magharibi kila mmoja alibeba begi lake la mgongoni likiwa kamili, tukatembea masafa yaliyokwisha kuzoewa, kisha tukalala nje hadi alfajiri kwa kutumia vilivyomo ndani ya mabegi tu. Mkeka wa kukunja umefaa. Shuka jepesi la kujifunika limefaa, kwani hata penye joto mwili uliochoka hutaka kufunikwa. Mto wa kujaza upepo umebaki kwa Mama na umeondolewa kwa sisi wengine. Nguo za kubadilisha zimepungua kufika jozi moja, vitabu vya dua vimekuwa kimoja chenye maandishi makubwa, na betri ya akiba ya simu imekuwa moja kwa watu watatu. Betri za namna hiyo husafirishwa katika begi la mkononi tu na haziruhusiwi katika mizigo ya chini ya ndege.

Jaribio limetupa pia kanuni tuliyoiandika ndani ya kila begi: kitu cha kwanza kuhitajiwa usiku kiwe juu, dawa ziwe mfuko wa mbele, na mkono mmoja ubaki mtupu wakati wote. Mkono huo ni wa Mama.

Mfunguo Pili: haki za watu

Madeni yote yenye muda uliofika yamelipwa, na yaliyobaki yameandikwa pamoja na ridhaa za wanaotudai. Amana tulizowekewa zimerudi kwa wenyewe. Matumizi ya watoto na wote wanaotutegemea yameachwa ya kutosha hadi baada ya tarehe ya kurudi, kwa sababu uwezo wa kuhiji hautimii kwa anayewaacha watu wake na njaa. Kila mmoja ameandika wasia wake mbele ya mashahidi, kwa kufuata hadithi ya Ibn Umar kwamba haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa.

Kuomba radhi kumechukua muda mrefu kuliko nilivyopanga, na nimeuongeza muda huo bila kusita. Mama amekwenda mwenyewe kwa mdogo wake ambaye walikuwa na shamba la kugombania tangu marehemu babu afariki. Amerudi amechoka na amefurahi, na mipaka ya shamba wameiandika kwa pamoja. Katika mradi huu wote hakuna kazi ninayoiona nzito zaidi ya hiyo, na imekamilika.

Mwisho wa Mfunguo Pili: hali ya kazi

Mabegi yamefungwa kwa makundi matatu. Masanduku makubwa, yenye nguo za Madina na Makka, yatabaki hotelini tutakapokwenda Mina. Yana jina, namba ya kundi na utepe wa rangi moja. Mabegi ya mgongoni ni yale yale ya Muzdalifa. Mabegi ya mkononi yana ihramu, hati, dawa na insulini. Kwa makusudi tumeacha robo ya kila sanduku tupu, na zawadi tulizoahidi kuleta ni chache na zimeandikwa, ili siku za mwisho Makka zitumike msikitini.

Ratiba ya kundi imethibitishwa kuanzia Madina, na nimeiacha ihramu ya mume wangu pale pale katika begi la mkononi. Dua za Arafa kila mtu ameziandika mwenyewe kwa Kiswahili baada ya zile za Kiarabu, pamoja na majina ya waliotuomba tuwaombee, na karatasi hizo ziko ndani ya kitabu cha dua. Kucha zitakatwa na maji ya kuoga yataogwa huko huko Madina kabla ya kwenda Dhul Hulaifa. Kazi moja bado haijafungwa, nayo ni dozi za nyongeza za Mama, ambazo daktari ameagiza zichukuliwe kesho asubuhi. Zikifika zitagawanywa mafungu mawili kama zilizotangulia, barua yake itaongezwa vipimo vipya, na ndipo begi lake litakapofungwa zipu.